Bahari Haina Kitasa: Wanavijiji wa Tanga na Ulinzi wa Miamba Yao

Mkulima akitaka kulilinda shamba lake huweza kulizungushia ua, akalala mlangoni pamoja na mbwa wake. Mvuvi hana ua wala mlango. Shamba lake ni la watu wote, nalo limefunikwa na maji. Mazao yake huhama usiku. Na mwizi akipita, mawimbi hufuta nyayo zake kabla jua halijapanda. Ndiyo maana swali la nani awe mlinzi wa bahari limewasumbua watu wa pwani ya Tanga kwa muda mrefu, na majibu waliyoyapata, kwa jasho na mara nyingine kwa hofu, yanastahili kusomwa na kila familia, hata ile ambayo haijapata kupanda ngalawa.

Pwani hiyo huanzia Jasini, mpakani mwa Kenya, ikashuka kupitia Moa, jiji la Tanga, Tongoni na Kigombe, ikavuka mto Pangani hata kufika Ushongo, Kipumbwi, Sange na Mkwaja. Kati ya ufuko na maji makuu imejipanga miamba ya matumbawe, na katika midomo ya mito imesimama mikoko. Miamba ndiyo nyumba ya changu, chewa, tasi, pono, pweza na kambakoche. Mikoko ndiyo malezi ya samaki wachanga na kamba. Maji yanapokupwa wakati wa bamvua, akina mama na watoto huteremka na vijiti na vikapu vyao kutafuta pweza na chaza; maji yanapojaa, wanaume hutega madema na kutupa mishipi. Katika vijiji hivi mwamba ukifa, jiko ndilo linalopata habari kwanza.

Mlipuko na kifusi

Adui aliyeijeruhi miamba hiyo kuliko wote ni uvuvi wa baruti, ambao umejulikana katika pwani ya Tanzania tangu miaka ya 1960. Kazi yake ni nyepesi kueleza. Mtu huchukua baruti iliyoibwa machimboni, au iliyochanganywa nyumbani kwa mbolea na mafuta ya taa, akaiwasha utambi na kuitupa mahali wanapokusanyika samaki. Mshindo wake hupasua vibofu vya hewa vilivyomo matumboni mwa samaki na kuvunja mifupa yao. Wachache huelea, wengi huzama na kuoza chini bila ya kumfaa yeyote. Pamoja na wakubwa hufa wachanga na mayai, na mwamba uliowahifadhi hugeuka kifusi. Mpigaji mwenyewe naye hana salama, kwani wako waliorudi ufukoni bila mkono au bila jicho.

Kifusi hicho ndicho chenye hasara kubwa kuliko hesabu yote ya samaki. Tumbawe hujengwa na vidudu hai, navyo hujenga taratibu mno: matumbawe ya mabonge, yale yaliyo imara, huongezeka kiasi cha sentimita moja hivi kwa mwaka. Tumbawe lenye upana wa kitanda huenda lilianza kukua kabla bibi mzee wa kijiji hajazaliwa. Likishavunjwa, vipande vyake husukwasukwa na mawimbi, na matumbawe machanga yakakosa mahali pa kushika. Wahenga walisema bandubandu huisha gogo. Baruti haisubiri kubandua. Huliangusha gogo zima kwa mara moja.

Sheria iliyokuwa peke yake

Haikuwa kwamba sheria ilikosekana. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 ilikwisha kuweka msingi wa kupiga marufuku baruti, na mwaka 1975 maeneo kadhaa ya bahari yalitangazwa kuwa hifadhi. Miongoni mwake kilikuwamo kisiwa kidogo cha Maziwe, kilichokuwa mbele ya Pangani, umbali wa kilomita chache tu kutoka ufuko wa Ushongo.

Habari ya Maziwe yafaa kusimuliwa kwa watoto. Kilikuwa kisiwa chenye mivinje mirefu, na kasa wa aina tatu walikuja kutaga katika mchanga wake. Wataalamu walikihesabu kuwa miongoni mwa mataga muhimu kabisa ya kasa katika Tanzania. Miti yake ikakatwa, mchanga ukaanza kuliwa na maji, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kikawa kimekwisha kuzama. Wapo wanaolilaumu shoka peke yake, na wapo wanaosema kuwa mikondo ya bahari nayo ilikuwa imegeuka. Lililo wazi ni kwamba tangazo la mwaka 1975 halikumzuia hata mmoja kati ya hao wawili. Leo hii Maziwe ni fungu la mchanga mweupe linalochomoza maji yakitoka na kufunikwa yakijaa.

Basi hilo ndilo funzo la kwanza. Amri iliyoandikwa mjini, isiyokuwa na mtu wa kuishika pale ufukoni, ni sawa na nanga iliyoachwa ghalani.

Vikao vya kijiji

Mwaka 1994 ulianzishwa mpango wa kuhifadhi na kuendeleza ukanda wa pwani ya Tanga. Ulisimamiwa na mkoa pamoja na wilaya zake za pwani, ukapata fedha kutoka serikali ya Ireland na ushauri kutoka shirika la kimataifa la kuhifadhi maumbile, IUCN. Fedha za wageni zilikwisha kuonekana pwani kabla ya hapo. Lililokuwa jipya ni mahali kazi ilipoanzia. Badala ya kuleta kanuni zilizokwisha kuandikwa, waliohusika walianza na vijiji vichache, Kigombe, Kipumbwi na Mwambani vikiwa miongoni mwavyo, wakawataka wanavijiji wenyewe, wanaume, wanawake na vijana, wataje matatizo yao, waeleze asili yake, na waseme ni lipi wanaloliweza kwa nguvu zao.

Majibu yalifanana: samaki wamepungua, baruti imezidi, nyavu za kukokota zinaharibu, mikoko inakatwa, na wa kusimamia haonekani. Kutokana na vikao hivyo zilizaliwa kamati za vijiji, sheria ndogo, na hatimaye mikataba ya usimamizi wa pamoja kati ya vijiji na serikali. Kwa kuwa samaki hajui mpaka wa kijiji, vijiji vinavyovua katika miamba ileile viliunganishwa katika eneo moja. Pwani nzima ikagawanywa katika maeneo sita ya namna hiyo. Mojawapo liliitwa Mtang'ata, nalo ndilo jina la kale la mji wa Tongoni, ambao makaburi na msikiti wake wa mawe ungali ukionekana kando ya bahari hadi leo.

Ndani ya mikataba hiyo lilikuwamo jambo moja zito kuliko mengine yote: kufunga baadhi ya miamba, isivuliwe kabisa, ili samaki wapate mahali pa kukua na kuzaliana. Msomaji wa mjini huenda akaliona kuwa jambo dogo. Na ajiweke katika nafasi ya mwenye ngalawa na watoto sita, anayeambiwa kwamba mahali alipovua baba yake hapavuliwi tena, na kwamba faida itaonekana baada ya miaka. Watoto hawali miaka. Tena mzigo wa mwamba uliofungwa hauwaelemei watu wote sawasawa. Mwenye mashine na nyavu ndefu huenda mbali zaidi; mwenye mtumbwi wa kasia hubaki karibu; na mama anayetafuta pweza kwa miguu yake hana pa kwenda ila pale maji yanapokupwa.

Kwa hiyo uchaguzi wa mwamba wa kufunga ulikuwa jambo la kujadiliwa sana, na kila kundi lilikuwa na hoja yake. Hapo ndipo penye siri ya mafanikio yaliyofuata. Mtu aliyeshindana kikaoni, akasikilizwa, akakubali kwa kinywa chake, huona haya kuivunja ahadi mbele ya jirani. Aliyesomewa amri tu hukosa haya hiyo. Doria zikaendeshwa na wanavijiji wakiwa pamoja na maofisa wa uvuvi na askari, maana mwanakijiji anajua chombo cha nani kinapita wapi, na askari ana uwezo wa kukisimamisha. Milipuko ikapungua mno katika miaka ile, na Tanga ikatajwa katika nchi nyingi kuwa mfano wa kuigwa.

Mikoko ya Kipumbwi

Kusini mwa Pangani, watu wa Kipumbwi na Sange walielekeza macho yao kwenye mikoko. Misitu hiyo ilikuwa hifadhi ya serikali tangu enzi za ukoloni, lakini kila mmoja alijua njia ya kuingilia. Boriti zilitakiwa kwa nyumba, mbao kwa vyombo, magome ya mkandaa kwa rangi, na kuni kwa kuchemshia chumvi na kuchomea chokaa. Katika miaka ya 1990 vijiji hivyo viwili vilifikia makubaliano na Idara ya Misitu ya kuisimamia mikoko kwa pamoja. Walitenga sehemu za kukata na za kupumzisha, wakaweka walinzi wao, na wakapanda mahali palipokuwa wazi.

Kupanda mikoko kuna elimu yake. Mbegu ya mkoko wenyewe huota ingali mtini, ikaning'inia kama mshumaa wa kijani, na mtu huiokota na kuichomeka katika tope. Lakini kila mti una makazi yake. Mlilana husimama mbele, ukipigwa na mawimbi. Mkoko hufuata kando ya vijito. Mkandaa na mchu huweza kukaa karibu na nchi kavu, penye chumvi kali. Anayepanda bila kujua hayo hufanya kazi ya siku nzima, ikachukuliwa na maji ya bamvua inayofuata. Wazee na akina mama wa pwani wanayajua hayo bila kuyasoma, na mpango wowote wa kupanda usiowauliza hupoteza miche.

Ng'ambo ya mpaka, katika kaunti ya Kwale nchini Kenya, watu wa Gazi na Makongeni wamepiga hatua nyingine. Tangu mwaka 2013, kwa jina la Mikoko Pamoja, wanatunza hekta 117 za mikoko na kuuza nchi za nje thamani ya hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti na matope yake. Mapato yake yamekwenda katika maji ya bomba, shule na mahitaji mengine ya vijiji. Hapo mama anayeteka maji bombani huona kwa macho yake faida ya mti uliosimama.

Chombo kinachovuja

Kama hadithi yetu ingalikomea katika mafanikio ya miaka ile, ingalikuwa tamu lakini haingalikuwa kweli. Mpango wa Tanga ulifikia kikomo mwaka 2007. Doria zikapungua, na mishindo iliyokuwa imesahauliwa ikaanza kusikika tena. Mwaka 2009 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yenye eneo la kilomita za mraba 552, kwa ajili ya samaki wa ajabu aliyedhaniwa kuwa ametoweka duniani tangu zama za kale, hata alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye wavuvi wa Tanga walianza kumnasa katika majarife yao miaka michache kabla ya tangazo hilo. Hata hivyo, milipuko iliendelea kusikika katika pwani ya Tanzania hadi katikati ya miaka ya 2010.

Katika miaka hiyo wanavijiji walionja uchungu wa upande wa pili. Sheria isiyo na watu ilikuwa imeshindwa huko Maziwe; sasa watu wasio na sheria nyuma yao walikuwa wakishindwa pia. Kumtaja mpiga baruti ni kumtaja mtoto wa jirani, pengine mjomba wa watoto wako mwenyewe. Akikamatwa leo na kuonekana kesho akipita barabarani, aliyemtaja hulala macho wazi. Mara moja mbili za namna hiyo hutosha kukifanya kijiji kizima kinyamaze. Mtu asiyeishi humo asiharakishe kuuita ukimya huo kuwa ni ushirika katika uovu, kwani mara nyingi ni hofu ya mtu mwenye nyumba ya makuti na adui mwenye baruti.

Ilipofika mwaka 2015 serikali iliunda kikosi kazi kilichounganisha vyombo mbalimbali vya dola, kikafuatilia baruti tangu inakotoka na wafanyabiashara waliokuwa nyuma yake, pamoja na wale wanaoitupa majini. Kufikia mwaka 2018 mishindo ilikuwa imepungua sana. Vikundi vya vijiji vya kusimamia uvuvi, ambavyo vinatambuliwa na sheria, vikapata tena pumzi ya kufanya kazi. Ikadhihirika kwamba mikono miwili ndiyo iliyohitajika tangu mwanzo: mkono wa kijiji unaojua, na mkono wa dola unaozuia. Mmoja ukilegea, mwingine hauwezi kulishika dema peke yake.

Kila baharia anajua kwamba chombo cha mbao huvuja hata kikiwa kipya, na kwamba daima yuko mmoja ndani yake mwenye upo mkononi, anafua maji. Hakuna siku anayoambiwa kazi imekwisha. Ulinzi wa bahari ni kazi ya aina hiyo. Waliodhani kwamba miaka kumi na mitatu ya mpango ingetosha waliuweka upo chini mapema.

Kasa wa Ushongo

Maziwe nako hakukuachwa. Ingawa kisiwa hakipo, kasa wangali wakikirudia, wakitaga katika fungu la mchanga ambalo bamvua hulifunika na kuyaozesha mayai. Kwa miaka mingi sasa watu wa Ushongo, wakishirikiana na wapenzi wa hifadhi hiyo, wamekuwa wakiyatafuta mataga hayo, kuyafukua kwa uangalifu na kuyafukia upya katika ufuko wa bara, juu ya kikomo cha maji. Baada ya siku hamsini au sitini hivi vifaranga huchomoza na kukimbilia baharini, na wageni hulipa kiasi fulani kuja kuwatazama. Watu wa pwani waliwahi kuyafukua mayai kama hayo ili yaliwe. Leo mikono ya wanakijiji inayafukua ili yaishi, nayo inapata ujira kwa kufanya hivyo.

Jikoni nako kuna mlinzi

Yako mambo ambayo kijiji hakiyawezi. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda, na matumbawe ya Bahari ya Hindi, ya pwani yetu yakiwamo, yalipauka na mengi yakafa. Kamati ya Kigombe haiwezi kulipoza jua. Lakini mwamba usiojeruhiwa kwa baruti una nafasi kubwa zaidi ya kupona baada ya joto kuliko ule uliokwisha kuwa kifusi, kama vile mtoto aliyeshiba anavyoistahimili homa kuliko mwenye njaa. Hiyo ni sababu nyingine ya kuyatunza yale yaliyo katika uwezo wetu.

Na katika yaliyo katika uwezo wetu, moja liko mikononi mwa kila mama na kila baba anayekwenda sokoni. Samaki wa baruti huwa ana alama zake. Mshike: nyama yake ni laini kupita kiasi, nayo hubonyea bila kurudi. Mpasue: utaona damu imevia tumboni, matumbo yamepasuka, uti wa mgongo umevunjika au mbavu zimeachana na nyama. Huoza upesi kuliko samaki wa mshipi au wa dema. Mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini, na bei hiyo ndiyo chambo chake. Anayempiga samaki huyo hampigi ili amle peke yake. Humpiga kwa sababu yuko mtu anayemngoja na kikapu. Mnunuzi akimkataa, tena akamwambia muuzaji kwa nini anamkataa, amefanya doria bila ya kulowa.

Wafundisheni na watoto alama hizo, kama mnavyowafundisha kulitambua embe bovu. Miamba iliyovunjwa katika ujana wa babu zao haitarudi hali yake mpaka wao wenyewe wawe wazee, na iliyosalimika itaokoka ikiwa tu wako watakaoijua thamani yake kabla ya kukaushiwa jiko. Wanavijiji wa Tanga wameifanya sehemu yao kwa miaka mingi, wakiwa mara nyingine na msaada na mara nyingine peke yao. Wasiachwe wakafua maji wenyewe, ilhali sisi sote tumo katika chombo.